Kalikiti Yangu na Paji la Generoza

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomfukuza Generoza nyumbani kwetu kwa sababu ya chunusi. Ndiyo, chunusi! Usicheke kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa Burundi. Tulikaa Lusahunga, mama akiuza chai na maandazi kwa madereva wa malori yaliyokwenda mpakani Rusumo. Generoza, binti wa Kirundi wa rika langu, aliletwa kwetu na mama yake, ambaye mwenyewe alirudi kambini. Tulikuwa tukilima pamoja, tukilala kitanda kimoja. Mimi nilikuwa mrembo, na nilijijua. Nikapiga kalikiti. Ninyi wa leo hamuijui: nywele zilitiwa dawa zikajikunja, kisha kila siku unazimwagia mafuta yake mpaka zichuruzike. Mchana nafunga kitambaa, usiku navaa mfuko wa nailoni yasikauke. Loo, ujana!

Haukupita mwezi, paji likajaa chunusi, zikashuka kando ya masikio hadi kisogoni. Nikazikamua, zikazidi. Nikasugua uso kwa sabuni ya kufulia, ukawaka moto. Wateja wa mama wakaanza kunitania, nami nikatafuta wa kumlaumu. Nyani haoni kundule. Nikamgeukia Generoza mbele ya watu: "Umeniletea magonjwa ya kambini!" Alikunja vitenge vyake, akamuaga mama, akaondoka.

Mama alinikasirikia mno. Akanipeleka Bisibo kwa shangazi yake, mkunga mzee asiyejua kubembeleza. Nikapiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba. Sogea hapa penye mwanga." Akapitisha kidole gumba kwenye paji langu, akanionyesha kinavyong'aa. "Haya si mafuta ya kichwani?"

"Ni ya kalikiti, bibi."

"Na huyo binti wa watu mliyelala kitanda kimoja, paji lake likoje?"

Ikabidi nikiri kwamba lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Sasa angekupaje asichokuwa nacho? Chunusi zako zote zimefuata nywele, pale mafuta yanapochuruzika. Kikulacho ki nguoni mwako, we mtoto!"

Nililia kwa aibu. Lakini mimi ni mbishi tangu kuzaliwa, na safari hiyo ubishi ulinifaa, maana sikukata tamaa. Niliosha nywele mpaka mafuta yakaisha, nikafua kitambaa na foronya, nikatupa ile nailoni. Uso niliunawa taratibu asubuhi na jioni, na mikono nikaizuia isikamue. Majuma mengi yakapita kabla ngozi haijatulia. Alama mbili ninazo mpaka leo, hizi hapa.

Uso haukuwa kazi ngumu, ngumu ilikuwa ile nyingine. Niliapa sitapumzika mpaka Generoza anisamehe. Nikadandia lori hadi kambini. Hakutoka ndani ya hema. Nikarudi juma lililofuata. Akaitikia salamu, basi. Mara ya tatu nikakaa chini mlangoni nikamwambia, "Nilikukosea. Leo siondoki."

Akasimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi. "Unajua, siku zile za mwisho kila nikinywa maji ulikuwa unasuuza kikombe mara mbili kabla hujakinywea. Hilo liliniuma kuliko yale maneno."

Nikamwomba kikombe alichokuwa anakinywea, nikayanywa maji yaliyobaki mpaka tone la mwisho. Ndipo akaja kukaa karibu yangu, tukalia wote wawili.

Kwa hiyo sikia, wewe unayepaka mafuta ya nywele mpaka kwenye nyusi. Paka kidogo, yabaki kichwani, paji ulifute. Fua vitambaa na foronya. Usikamue chunusi, na zikikataa kuisha nenda zahanati. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, hasa mgeni asiye na wa kumtetea, anza kujikagua mwenyewe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukishajikwaa ulimi, mwanangu, inuka umfuate uliyemuumiza, hata kama ni mara kumi. Mungu akulindie uso wako, na ulimi wako aulinde zaidi.