Mwethya wa Kompyuta ya Baba

Enzi zetu kule Matinyani, Kitui, hakukuwa na kitu kilichoitwa kikuukuu kabla hakijafanya kazi tatu. Ndoo ikitoboka tuliotesha miche ya mipapai ndani yake, na kitako kikitoka kabisa ikawa kiota cha kuku. Tairi likichoka barabarani lilikuja kuvaliwa miguuni, nasi tukakimbia nalo hadi shuleni. Vijana wa leo simu ikipata mkwaruzo wa ukucha wanashinda wamenuna, utadhani wamefiwa.

Mimi, Mwende, nilikuwa darasa la saba, miaka ile ya tisini, bingwa wa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa makaratasi ya nailoni, na mjinga kamili wa hesabu, baba yangu aliporudi nyumbani kutoka Nairobi. Alikuwa karani huko. Ofisi ilipopunguza watu, kila aliyeachishwa kazi aliambiwa achague chombo kimoja cha zamani aende nacho. Wenzake walikuwa werevu. Walibeba viti na kabati, na mmoja aling'oa mlango. Baba alibeba kompyuta ambayo hakuna aliyeitaka, pamoja na printa yake. Ilifika kwetu juu ya lori la maembe lililokuwa likirudi tupu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliizunguka mara mbili akauliza inakula nini. Aliambiwa inakula stima, ambayo kwetu haikuwa imefika. "Basi weka nyasi ndani, kuku apate pahali pa kutagia," akasema. Sisi watoto tulicheka mpaka tukagaragara. Baba hakucheka. Kuanzia siku hiyo alikaa nyuma ya ghala mchana kutwa, hasalimii wapita njia, na jioni anaacha nusu sahani ya muthokoi. Kwetu mwanamume akiacha mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na ndengu na kitunguu, watu huanza kuulizana kama ni malaria. Niliogopa. Nilimpenda sana baba yangu, na sikuwahi kumwona akiwa mdogo namna ile.

Mama ndiye aliyemwendea mwalimu mkuu. Mitihani yetu wakati huo ilipigwa kwa mashine ya wino iliyotoa karatasi zenye ukungu, usijue kama hii ni nane au ni tatu, na huo ukungu ndio uliokuwa wakili wetu nyumbani matokeo yakija. Mwalimu mkuu alifikiri, akasema, "Baba Mwende akiniletea mtihani wa darasa la nane Jumatatu asubuhi, umeandikwa unasomeka, ile stoo kando ya ofisi ni yake. Ataandikia shule zote za hapa karibu. Asipoleta, tutaendelea na yetu tu."

Kwa hiyo mambo yakawa mawili: Jumatatu, au kuku.

Baba aliazima jenereta ya kanisa, akamwita Kyalo, fundi wa redio kutoka Kitui mjini, ambaye aliwahi kufungua kompyuta mbili na kufunga moja. Waliiwasha. Namba nyeupe zikapanda kwenye kioo, zikahesabu zenyewe hadi elfu nne na tisini na sita, zikasimama. Lakini baba alipofungua programu ya kuandikia, mashine iliganda.

"Memori ndiyo hizo namba, na ni kidogo," Kyalo akasema. "Ni kama mama ako na sufuria moja na anataka kupikia harusi. Mimi nitaleta sufuria ya pili." Alikuwa na vipande viwili vya memori alivyovitoa kwenye kompyuta iliyokufa mjini. Angerudi Jumamosi.

Baba akaenda kwa mzee wa kanisa kuomba jenereta tena, na vijana wawili wa kuibeba. Mzee alikubali, mradi irudi kabla ya ibada ya Jumapili. Kisha huyo mzee akatangaza sokoni kwamba Jumamosi mwethya ni kwa Baba Mwende, bila kusema kazi ni gani. Mwethya, kwa asiyeujua, ni ile desturi yetu Wakamba ya kufanya kazi pamoja: leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu. Saa mbili asubuhi watu thelathini na ushee walikuwa wamejaa uani kwetu na majembe, makarai na sururu.

Kyalo akawaonyesha kazi yenyewe. Vipande viwili, kila kimoja urefu wa kidole.

Lakini mwethya haurudishwi nyumbani bila jasho, hiyo ingekuwa aibu kwetu na kwao. Wanaume waliuliza kompyuta italala upande gani wa nyumba, wakaenda upande huo wakaanza kuchimba mtaro ili maji ya mvua yasije kuisumbua. Ulikuwa mwezi wa saba, na mvua ilikuwa mbali sana. Wanawake walipika muthokoi jikoni. Waliobaki walipanga mstari ili kila mmoja ashike bisibisi, na skrubu moja ya kompyuta ile ilifunguliwa na watu tisa.

Mama alipoona wageni wanazidi kuingia, na sakafu yetu ni ya udongo, alifanya alichofundishwa na mama yake. Alichukua bakuli, akanyunyiza maji kulaza vumbi kabla ya kufagia. Mama hakuwa mtu wa kunyunyiza kidogo. Na kompyuta ilikuwa imelazwa mkekani, imefunguliwa, matumbo yote nje.

"Aiya! Mama Mwende, umeiua!" Kyalo alipiga yowe.

Majembe yalisimama huko nje. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili, bakuli likaanguka, na maji yaliyobaki yakamwagika papo hapo. Baba aliinuka, akaenda zake nyuma ya ghala. Nilitamani ardhi immeze Kyalo kwa lile yowe lake, na mimi nifuate.

Kyalo, kwa haraka ya kujua hasara, alishika waya wa jenereta ili aiwashe aone kama imepona. Susu akamzuia kwa fimbo.

"Wewe kijana, ndengu ikinyeshewa unaifungia kwa gunia? Si itaoza? Hii kitu inataka jua."

Susu hakujua kompyuta, lakini kuanika alikujua kuliko mtu yeyote kuanzia Matinyani hadi Nuu. Aliagiza turubai. Kyalo alitoa kila kilichokubali kutoka, naye Susu akavipanga kando ya ndengu zake zilizokuwa zimeanikwa, vidogo mbele na vikubwa nyuma, akaketi kwenye kigoda akivigeuza na kufukuza kuku, wale wale aliokuwa amewaahidi nyumba. Watu wote walikaa wakalizunguka turubai, wakitazama kompyuta ikikauka na kutoa ushauri. Mama mmoja alileta uteo ili aipepete, akakatazwa. Mzee mmoja alishauri moshi, kama unavyokausha mbegu za mahindi, na wakajadili moshi kwa saa nzima.

Susu akanituma. "Enda uambie baba yako aje ageuze yake. Mimi sianiki ya mtu amelala." Nilimkuta amekaa ameinamisha kichwa. Nilimwambia maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu Susu hakupenda ujumbe wake upunguzwe. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaja kuanika.

Saa tisa Kyalo aliuliza kama kuna mwenye raba ya kufutia. Niliyokuwa nayo ilikuwa nusu, ile nyingine nimeitafuna. Alisugua meno ya dhahabu ya vile vipande vya memori mpaka yakang'aa. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo raba yangu iliwahi kufanya.

Mashine ilipofungwa, mzee wa kanisa aliomba. Aliombea kompyuta, printa, waya mmoja mmoja, na waliotengeneza waya, huku jenereta ikinguruma na petroli ikiisha. Baba akabonyeza. Kimya. Kisha ikalia pii, na namba zikaanza kupanda. Watu walizihesabu kwa sauti kwa Kikamba, wakaachwa nyuma. Zilifika elfu nne na tisini na sita, Kyalo akafumba macho, zikapita! Zikaenda hadi elfu nane mia moja tisini na mbili. Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wakakata kamba, na nusu ya watu wakaenda kula wakijua kazi imeisha, kwa kuwa mashine imehesabu vizuri.

Baba alikaa, akaandika ule mtihani kwa vidole kumi bila kutazama chini. Printa ilipoanza kukwaruza karatasi, kuku wote wa Susu walikimbilia kwa jirani na wawili hawakurudi mpaka kesho yake. Baba alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shati, na jioni alimaliza muthokoi akaomba mwingine. Nililia, sijui kwa nini, nikasingizia moshi.

Stoo ikawa yake, na akakaa humo miaka mingi. Sisi wanafunzi ndio tuliopata hasara. Mtihani wetu uliofuata ulikuwa safi, nane ni nane, tatu ni tatu, nami nikapata ishirini na moja kwa mia bila kisingizio chochote.

Siku zile kompyuta moja ilikuwa na watu thelathini. Leo kwangu tuko watu watatu na mashine saba, kila mtu na mlango wake umefungwa. Majuzi kompyuta ya kijana wangu ilikuwa nzito. Aliagiza memori kwa simu, ikaletwa na bodaboda, akajifungia chumbani akatazama video, na kwa dakika kumi alikuwa amemaliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Nikuitie watu?" nilimuuliza.

"Waje kufanya nini, mum?"

Tukisema ukweli, wengi wa wale waliokuja kwa baba nao hawakuwa na la kufanya. Walikuja tu.