Ndani ya Ampli ya Baba

Nikifungua ampli kuukuu ya kukuzia sauti ya gitaa, harufu ya vumbi lililoungua juu ya taa zake hunirudisha ndani ya ile ya baba. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, na sijasikia tena gitaa likilia kwa utamu ule.

Siku zile watu walipouawa kwa kabila lao, sura ya baba ilipita kwenye kizuizi cha barabarani. Zetu, watoto tuliofanana na mama, hazikupita. Baba akang'oa spika, akanikunja mle, akanisukuma kwenye mkokoteni.

Kijana aliyelinda kizuizi akagonga sanduku. “Iko nini humu?”

“Ni mataa ya vioo, shefu. Ukigonga tena itapasuka.”

Tukapita. Baba akanitoa, akarudi na sanduku kumchukua mdogo wangu.

Jioni alilileta sanduku, akaketi chini. Nililigonga, likalia tupu; nikamwita mdogo wangu, nikaligonga tena.