Kababu za Mama Chini ya Kawa la Bi Zena

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka duniani si ya bahari, ingawa nimezaliwa Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, hatua chache kutoka majini. Ni harufu ya boga linalochemka na kijiti cha mdalasini. Vuli ikianza kunyesha, mama yangu, Bi Mwanaisha, alingoja maboga ya Pate yaliyokuja kwa mashua kutoka bandari ya Mtangawanda, yale yenye ganda gumu na nyama ya manjano. Akishalipata lake, jirani alimchinjia kuku. Nyama ilitwangwa kinuni pamoja na thomu, yaani kitunguu saumu, tangawizi na kungumanga, ikachanganywa na boga lililokamuliwa maji kwa kitambaa, yai na mkate mkavu uliosagwa. Wengine walikaanga kababu zao; mama alizipalia. Alizipanga katika sufuria iliyopakwa samli, akafunika kwa sinia la bati, akaweka makaa machache chini na mengi juu, zikaiva bila kuogelea mafutani. Kazi yangu, nikiwa na miaka minane, ilikuwa kuziviringa, na viganja vyangu vilinukia mdalasini hadi siku ya pili.

Naeleza kwa urefu kwa sababu leo kuna watu wanaodhani nimeyajulia haya ng'ambo. Ni kweli nina diploma ya upishi, nimeisomea Uingereza kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili, na katika darasa letu nilitoka wa kwanza. Nimeongoza jiko la hoteli kubwa lenye wapishi kumi na wanne, wote wanaume, na hakuna aliyethubutu kunijibu. Lakini siku mwalimu wetu alipotufundisha viringo vya kuku na boga vya kuoka, akasema ni chakula cha majira yale majani yanapopukutika, mimi nilikaa nikamtazama tu. Majani ya kwetu hayapukutiki. Ila chakula kile nilikijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Miaka ile ya hamsini mama alikuwa akimpikia Bi Zena, mwenye nyumba kubwa ya mawe nyuma ya nyumba yetu. Vuli moja Bi Zena alikuwa anamwoza bintiye Salma, na wanawake wa upande wa bwana harusi wakaalikwa chakula cha mchana. Baada ya kula ndipo wangekubaliana nani awe mpishi mkuu wa harusi. Kwetu hilo si jambo dogo. Mpishi mkuu wa harusi hutajwa kwa jina, huwekewa kiti, na kila nyumba yenye shughuli humtuma mtu kumwita. Mama alikuwa mjane, na jina hilo alilitaka kuliko nguo mpya. Bi Zena alimwambia kwa kinywa chake, "Mwanaisha, wapikie kababu zako za boga. Wakizipenda, nitawaambia ni mkono wako."

Tuliamka alfajiri tukazipika jikoni kwetu, zikajaa masinia mawili. Sasa msomaji ajue jambo moja. Kila nyumba ilikuwa na kawa lake, kile kifuniko cha ukili chenye ncha juu, na chakula kikipita mjini watu hawaulizi kimetoka wapi, hutazama kawa. La Bi Zena lilikuwa la nakshi nyekundu na nyeusi. Letu lilikuwa jeupe, alilisuka mama mwenyewe, na ncha yake ilikuwa imepinda kidogo. Tulipofika kwa Bi Zena, kawa letu likiwa juu ya sinia moja, yeye alitoa makawa yake mawili. "Funikeni kwa haya," akasema, "msiniaibishe mbele ya wageni."

Sinia la kwanza likaingia. Nilisimama mlangoni nikasikia kila neno. "Mashallah, Bi Zena! Hizi zayeyuka kinywani!" Mwingine akasema, "Mkono huu haufundishwi, huu ni wa kuzaliwa nao." Nikangoja Bi Zena aseme. Bi Zena akajipepea, akatabasamu, akasema, "Ah, ni vijimambo vya nyumbani tu." Basi. Jina la mama halikutoka.

Nilirudi jikoni kwa Bi Zena nikiwa nimevimba kama andazi. Mama alikuwa ameinama kwenye makaa. Nikaliondoa lile kawa la nakshi, nikafunika sinia la pili kwa kawa letu, nikalibeba mwenyewe hadi ndani.

"Na hili la nani tena?" akauliza bibi mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango.

"La mama yangu, Bi Mwanaisha," nikajibu. "Ndiye aliyepika yote."

Wakatazamana. Bibi yule akachukua kababu moja kwa ncha za vidole, akauma, akakunja uso. "Chumvi imezidi." Jirani yake akaonja. "Na zimekauka. Zile za Bi Zena zilikuwa laini." Mwingine akacheka, "Mtoto, mwambie mama yako aje kwa Bi Zena afundishwe." Sufuria moja! Kuku mmoja, boga moja, chumvi moja iliyotiwa na mkono mmoja! Bi Zena aliyajua hayo yote, na alichosema ni, "Mstahimilini. Ni mtu wa jikoni."

Mpishi wa harusi akaletwa kutoka Siu. Mama hakunipiga wala hakunikemea. Alipokuwa akiosha masinia alisema tu, "Ndimi zao hazina kosa, mwanangu. Yalioonja ni mato," yaani macho. Wahenga walisema chema chajiuza. Nimeishi kutosha kuwajibu kwamba si kweli. Ukweli uko katika ile methali nyingine, kuku wa maskini hatagi. Na akitaga, yai huitwa la jirani.

Mama alifariki nikiwa ng'ambo, hakuna aliyemtaja kwa mkono wake. Niliporudi Amu nilijenga nyumba ya ghorofa mbili, diploma nimeitundika sebuleni ambapo kila aingiaye huiona, na siombi radhi. Vuli iliyopita alikuja Salma, yule bibi harusi, sasa bibi kizee mwenye fimbo, kunitaka nipike harusi ya mjukuu wake. "Twasikia una upishi wa kisomo," akasema. Nikampikia kababu za boga kwa kuzipalia, makaa machache chini na mengi juu. Akala tatu bila kupumzika. "Huu ndio utaalamu! Hizi hazipikwi Amu."

Nikamwambia, "Hizi ni za mama yangu, Bi Salma. Hata chembe ya chumvi sijabadilisha."

Akaifuta midomo yake, akaitazama diploma ukutani, kisha akanitazama kwa huruma. "Mama yako, Mungu amrehemu, nakumbuka chumvi ilikuwa ikimzidi."

Nililichukua sinia kutoka mbele yake. Nikaingia ndani, nikalifunika kwa kawa jeupe lenye ncha iliyopinda, na harusi ya mjukuu wake ikapikwa na mtu mwingine.