Nilivyomwita Mama Mkubwa Mboji

Aibu hii natembea nayo mwaka wa pili sasa, na nikiisimulia bado naangalia chini, maana niliifanya kwenye msiba wa mtu aliyenilea, tena kwa kipaza sauti, nusu ya Manzese ikisikia.

Mama mkubwa alinichukua nikiwa na miaka minne, mama alipofariki, akanikuza na binti yake Salome tukilala kitanda kimoja. Siku ya kuanua matanga mjomba akaniambia niwasemee watoto wote, na mie (nauza miche Mabibo, na wiki ile nilikuwa nimetoka semina ya udongo, kichwa kimejaa) nikaona kusema alitulea vizuri ni maneno ya kila mtu, ngoja nimpe neno lake peke yake.

"Mama mkubwa," nikasema, "alikuwa mboji ya ukoo huu."

Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Mboji ndiyo nini, mwanangu?"

Hapo ningejibu rutuba nikakaa zangu, lakini kwa kiherehere changu nikaanza kufundisha, kwamba mboji ni majani na mizizi na wadudu waliokufa, wakaoza mpaka wakawa udongo mweusi, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kwamba huo udongo ndio unaootesha kila kitu, Salome akapiga yowe, "Mama yangu hajaoza!" akaanguka, wanawake wakamkimbilia, mjomba akasimama.

"Dada yangu tumemzika juzi, wewe unamwita mzoga?"

"Hapana mjomba, kitaalamu kila kitu kinaoza..." (hata sijui lilinitokaje).

Akaninyang'anya kipaza sauti. Nikaenda kujificha nyuma ya bafu la mabati, nikalia, na ndiyo mara ya kwanza kumlilia mama mkubwa, maana siku zote hizo nilikuwa nahangaika na maturubai na maji ya wageni.

Baadaye Salome akanifuata, macho yamevimba.

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba sie wote tumeota kwake."

"Si ungesema hivyo tu, jamani."

Akarudi ndani. Mjomba alikuja kunisamehe, ila mie na Salome tunasalimiana tu, habari, nzuri, basi, na tulikuwaga hatumalizi siku bila kupigiana simu. Kipaza sauti cha msibani sikishiki tena. Wakiniita nawaambia naosha vyombo, na kweli naosha.