Nilijiposa Mwenyewe Ili Nisicheze Fainali

Kosa ni langu peke yangu, simsingizii mtu. Ninaliandika huku nacheka, na shangazi yangu anasema kicheko hiki ni dalili kwamba sijatubu sawasawa. Nimetubu, wallahi. Ila kila nikifika pale pa kanga, kicheko kinanishinda. Jina langu msiliulize. Bagamoyo hii ni ndogo, na wenye kunijua wameshanijua.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa mwisho, na nacheza mpira. Sichezi wa kujinyoosha viungo. Ni mshambuliaji, na timu yetu ya wasichana ilipoingia fainali ya kombe la vyuo, mabao mengi yaliyotufikisha huko nilitia mimi. Kwetu ni Kiwangwa, kwenye mananasi, lakini kwa ajili ya masomo nakaa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa. Shangazi ni mtu wa heshima zake. Ukimwamkia harakaharaka haitikii, anakungoja uanze upya.

Wiki ya fainali nikapigiwa simu. Ni mama mmoja, meneja wa timu kubwa ya wanawake ya Dar es Salaam.

"Binti, tumekuona, tumekupenda. Jumatatu njoo usaini. Ila nakuomba, miguu hiyo uitunze."

Nilikuwa uani nafua. Nikaruka na povu mikononi, nikazunguka kisima, nikamkumbatia shangazi na shuka bichi. Akauliza kama nimeingiwa na siafu.

Furaha ile ilidumu mpaka nilipoanza kuanika nguo. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba fainali ni Jumamosi, uwanja wa Msata, changarawe tupu. Na wapinzani wetu walikuwa na beki mmoja, pande la mtu, sisi tulimwita Greda. Kwenye nusu fainali alimkata msichana wa watu, msichana akatolewa kwa kubebwa. Tangu saa ile nikaanza kuilea miguu yangu. Chuoni nikawa nashuka ngazi kwa kushika ukuta, na mtu akiniambia tukimbie tuwahi kipindi, namwambia atangulie.

Nikaamua sichezi. Sasa nitasema nini?

Ningesema goti linauma, Kocha Mwinyi angelishika mwenyewe. Mzee yule ni mkandaji, akikubonyeza mara moja anajua unapoumwa na unapodanganya. Ningesema homa, wangenipeleka zahanati nikapimwa. Ningesema nimefiwa, timu nzima ingekuja kuhani, na kumuua mtu kwa mdomo mimi siwezi, namwogopa Mungu. Ndiyo, cheka tu. Kumwogopa nilimwogopa, ila si vya kutosha.

Alhamisi nikaenda mazoezini na viatu vya kutokea.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba. Mbona hujavaa njumu?"

Nikainamisha kichwa. Nikachora mchanga kwa kidole cha mguu, kama nilivyoona wenzangu wakifanya.

"Kocha, nimeposwa."

"Lini?"

"Jana. Na wana haraka. Shangazi amesema kuanzia kesho nawekwa ndani, sitoki mpaka ndoa."

Nilijua nimemfunga. Kocha Mwinyi ni mtu wa pwani, kazaliwa hapahapa. Mtu wa pwani unaweza kumbishia mambo yote, lakini habari ya binti aliyewekwa ndani haulizi mara mbili, maana kuuliza ni kuingia nyumba ya watu. Akavua kofia yake. Sauti ikashuka kama yumo msikitini.

"Alhamdulillahi. Hapo mimi sina neno. Mtoto wa watu akishawekwa ndani, kocha nani wa kumtoa?"

Nikaondoka pale natembea kwa staha, nilipokata kona nikapiga mbio za furaha mpaka nyumbani. Mbio, mimi niliyekuwa nashuka ngazi kwa kushika ukuta. Mpango wangu ulikuwa mwepesi kabisa. Jumatatu nasaini Dar, baada ya wiki nasema posa imevunjika. Posa zinavunjika kila siku, hakuna anayeomba ushahidi.

Shangazi nikamwambia nina mafua.

Jumamosi nikajilaza na simu, nafuatilia mechi kwenye kundi letu. Nafasi yangu alipewa Tatu, winga wetu wa kushoto, ambaye ni rafiki yangu na ndiye aliyekuwa akinipa pasi misimu miwili iliyopita. Dakika za mwanzo tukafungwa. Nikauma foronya. Mara Tatu akasawazisha. Nikaruka juu ya kitanda, chaga moja ikakatika. Shangazi akaita kutoka jikoni, "Mafua gani hayo?" Nikapiga chafya ya uongo. Kipindi cha pili Tatu tena, bao la ushindi. Kombe ni letu. Nikabaki nacheka na kulia pamoja, na kijiba kidogo cha roho kikiniambia kwamba kumbe bila mimi wanaweza.

Alasiri nikasikia ngoma.

Nikajua kuna harusi mtaani. Ngoma ikasogea. Vigelegele vikasogea. Nikachungulia dirishani, nikaona jezi zetu. Timu nzima, bado na vumbi la Msata miguuni, wamebeba kombe, doti ya kanga mpya na sinia la sambusa, wanakuja barazani kwetu. Mbele yupo kipa wetu na tarumbeta sijui kaitoa wapi.

Shangazi alikuwa ameketi barazani anachagua mchele.

"Shikamoo Bi Mwanahawa," kipa akasema. "Tumemletea mwali wetu kombe lake."

"Mwali gani?"

"Mwali wetu. Aliyeposwa."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini taratibu. Lakini Shangazi si mtu wa kuaibisha nyumba yake mbele za wageni. Akasimama, akajitanda kanga vizuri.

"Karibuni wanangu, karibuni. Mwali yupo ndani. Ngojeni nimwandae."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Nani kakuposa?"

"Hakuna mtu, Shangazi."

"Wale nje wanaimba nini?"

Nikamweleza. Meneja wa Dar, Greda, miguu, uongo, vyote nikavimwaga harakaharaka. Nikangoja kofi. Badala yake akachukua kanga, akanifunika gubigubi.

"Kaa mkekani. Umejiposa mwenyewe, na uwali ukae mwenyewe. Mwali hasemi, hacheki, wala hali mbele za watu. Ole wako nisikie sauti yako."

Wasichana wakaingia. Jamani. Wakanicheza, wakaniimba, wakanipaka liwa mikononi, na wengine miguuni, wakiisifu miguu iliyowatungua mabeki. Mimi chini ya kanga nabanwa na kicheko, jasho linanitiririka, na harufu ya sambusa inanitoa roho. Nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa ajili ya yale mafua.

Wakamgeukia Shangazi. Na hapa sikilizeni, maana Shangazi kusema uongo hajui.

"Bi Mwanahawa, huyo bwana harusi ni nani?"

"Mwenyewe ndiye anayemjua."

"Ni mzuri?"

"Kwa kweli sijamwona."

"Anafanya kazi gani?"

"Mpaka leo sijasikia kafanya lolote."

Wakaangua kicheko, wakasema wazee wa Mji Mkongwe wanajua kuficha mambo. Shangazi akanifinya sikio kwa kucha zake mbili juu ya kanga, ili nisicheke.

Ndipo Kocha Mwinyi akabisha hodi, akaketi karibu na mlango, macho chini. Ngoma ikanyamaza.

"Binti, sikukawia kukusaidia. Najua ulikuwa na ahadi na Dar, na najua mwali hawezi kupiga simu kama hiyo. Basi jana nikampigia yule mama meneja kwa niaba yako, nikamwambia umeposwa, wasikungoje. Alisikitika. Lakini leo akaja Msata kutazama mechi. Amemchukua Tatu. Jumatatu anakwenda kusaini."

Vigelegele vikapasua chumba. Tatu akapiga magoti mbele yangu, akanikumbatia na kanga yangu, analia.

"Nisamehe, shoga yangu. Riziki yako hii. Ungekuwepo ungekwenda wewe. Mungu akupe ndoa yenye heri."

Nikavua kanga.

"Sijaposwa," nikasema.

Nikaona nikinyamaza sasa nitaozwa kwa mwanamume asiyekuwepo. "Hakuna mwanamume. Niliogopa Greda atanivunja miguu kabla sijasaini. Nimewadanganya."

Kipa wetu ndiye aliyeanza, mguno mdogo puani. Kisha mwingine. Kisha chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, watu wanashikana mbavu, mmoja kakalia sambusa. Tatu akafuta machozi akaniambia kwamba siku ile huyo Greda alikuwa mpole kupita wote. Tatu alipoanguka, Greda ndiye aliyemwinua akampangusa vumbi. Nikacheka na mimi, nitafanyaje?

Kocha Mwinyi hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "hao watu wa Dar walikujuaje? Mimi ndiye niliyewapigia simu, miezi mitatu nawasumbua. Waliponikubalia walitoa sharti moja, fainali usicheze. Nikawaahidi. Nilikuwa nikuambie Ijumaa baada ya mazoezi. Ungekaa na mimi benchi, tushangilie wote."

Hapo kicheko kikanikatika. Nakiri kwenu nilivyokiri mkekani. Kitu nilichotaka kukiiba kwa uongo, mzee yule alikuwa ameshanishikia mkononi, na kwa heshima ya posa yangu ya uongo akakitoa kwa mwingine.

Tatu ana moyo. Alisimama palepale akasema, "Basi nafasi irudi kwake, Kocha, mpigie." Kocha akapiga, akanipa simu. Nikamweleza mama meneja kila kitu, hata sambusa. Alicheka sana, mpaka nikaanza kupata matumaini. Alipomaliza kucheka akashusha pumzi.

"Binti, miguu yako bado naipenda. Lakini mimi nina fainali nyingi. Siku nikikuhitaji ukashikwa na hofu, utaniletea bwana harusi gani?"

Akaniaga vizuri, akasema Tatu asichelewe Jumatatu.

Yaliyofuata ni ya kuchekesha kwenu, kwangu yalikuwa adhabu. Baba akapiga simu kutoka Kiwangwa, kapewa hongera sokoni, anataka kujua nani aliyepokea posa ya binti yake na yeye yu hai. Shangazi naye hakuniadhibu kwa fimbo. Alinitoa nyumba kwa nyumba mtaani, kila mlango niamkie kama inavyotakiwa, niketi, niseme kwa mdomo wangu kwamba sikuposwa. Kwenye nyumba ya tano bibi mmoja alinishika mkono akanipa pole kwa kuachwa. Nikamwambia sikuachwa. Akasema wote husema hivyo.

Tatu sasa anacheza Dar. Ananitumia picha za jezi yake mpya, na mimi namtumia vicheko na mioyo. Nikisema roho hainiumi nitakuwa naongeza uongo mwingine. Kocha Mwinyi alinisamehe palepale, na huo msamaha ndio unaoniumiza kuliko yote, kwa sababu hakunikaripia hata kidogo. Msimu umekwisha, mimi ni wa mwaka wa mwisho, timu ya chuo nimeiaga.

Wewe unayesoma, unayechezea shule, chuo au mtaa, na umeahidiwa mambo makubwa mbele, kuitunza miguu yako si dhambi. Hata mimi hapo sijuti. Ila ukiogopa, mfuate aliyekulea kwenye mpira, umwambie, "Kocha, naogopa." Ni maneno mawili. Mimi niliyakwepa, nikatunga posa, nikatunga shangazi mkali na bwana harusi mwenye haraka. Miguu yangu kweli niliiokoa. Mizima, haina hata mkwaruzo, na kesho inanipeleka sokoni kumnunulia Shangazi vitunguu.