Mgeni wa Kila Jumapili

Kuna Jumapili nilikamatwa kanisani mbele ya waumini wote. Sikuiba kitu. Nilikamatwa kwa kuwa mgeni mara nyingi mno.

Cheka tu. Mimi sikucheka.

Mimi ni fundi friji. Kampuni ilinihamishia mji nisikojua mtu, mke na watoto wakabaki nyumbani wakisubiri shule zifungwe. Nikapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kutwa nzima maongezi yangu yalikuwa gesi, kompresa, na wateja wanaouliza lini itakuwa tayari.

Jioni mke wangu akipiga simu ananiuliza kama nimeshapata watu. Namwambia wapo.

Hawakuwepo.

Jumapili ya kwanza nilikwenda parokiani, misa ya pili. Baada ya matangazo katekista akaomba wageni wasimame. Nikasimama, nikataja kazi yangu na ninapokaa.

Jamani, nilipokelewa. Kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi, na misa ilipoisha mama mmoja wa mapokezi akanishika mkono hadi ukumbini kunywa chai na wazee wa parokia. Nilirudi chumbani natembea kama mtu aliyepata ndugu.

Jumapili iliyofuata, mama yule yule alinipita mlangoni kama anapita nguzo.

Nikasema labda hakuniona. Wiki nyingine, vile vile. Misa ikiisha watu wanasimama makundi makundi uwanjani, wamekupa migongo, wanacheka mambo yao. Mimi nazungukazunguka, najifanya nasoma ubao wa matangazo, halafu naondoka.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Siku moja nikaenda misa ya kwanza, ambayo watu wake ni wengine. Katekista wao akaita wageni. Miguu ikasimama yenyewe. Nikasema nimekuja kumtembelea dada yangu. Makofi, wimbo, chai.

Sina dada.

Nikanogewa. Wiki hii nasali misa ya pili kimyakimya, wiki ijayo najichomeka misa ya jioni, shati jingine, upande mwingine wa kanisa, na hadithi nyingine mdomoni. Mara napita njia tu. Mara nimekuja harusini.

Mpaka Jumapili ile. Nimerudi misa ya kwanza, nimesimama, ndiyo kwanza naanza kueleza harusi ya binamu. Kumbe katekista wa misa ya pili alikuwa anamshikia mwenzake zamu. Akavua miwani.

"Baba, wewe si yule fundi friji wa misa ya pili?"

Kisha mtu huko nyuma akasema, kwa sauti ya kutosha, "Anafuata chai huyo."

Kanisa zima likaangua kicheko. Padri alijaribu kuwatuliza, lakini niliona na yeye anajibana asicheke. Nilitoka kabla ya baraka, nikipita njia ya katikati, kila kiatu kinapiga kelele.

Sikurudi tena. Mke wangu akiuliza misa ilikuwaje, nasema nzuri.

Siku chache baadaye mama mmoja mtu mzima, amevaa nguo nyeusi, alisimama mlangoni pa karakana. Nikamuuliza friji yake ina tatizo gani.

"Friji yangu nzima. Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Walipokucheka nilikuwepo, siku hiyo niliwahi misa ya kwanza. Sikucheka, ila nilinyamaza, na mimi nakufahamu."

Nikamwambia nadhani amenifananisha. Akatikisa kichwa. Alisema misa ya pili huwa tunakaa benchi moja, tangu siku niliyojitambulisha. Ndivyo alivyojua pa kunitafuta. Nikamtazama usoni, nikajitahidi kukumbuka. Wapi.

Hata hivyo nikaona nimepata wa kumlilia. Nikamwaga yote: parokia ile ina roho ngumu, unaweza kufa asijue mtu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Jumapili waliyomwombea marehemu mume wangu, nililia misa nzima pembeni yako. Ulinipa mkono wa amani huku unaangalia kwaya."

Hapo ndipo nikakumbuka. Si uso wake, bali zile kamasi alizokuwa anavuta. Nilidhani ana mafua, nikasogea pembeni nisiambukizwe.

Aibu ya kanisani ilikuwa mchezo wa watoto. Mama huyu alisema bila hasira yoyote, ndiyo maana iliniingia mpaka ndani. Nikampa pole iliyochelewa, bisibisi ikiwa bado mkononi, sijui nitazame wapi. Akaniambia nirudi kusali, atanishikia nafasi.

Jioni nilimweleza mke wangu ukweli wote, kuanzia dada wa uongo.

Akauliza, "Huyo mama anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.

Wewe unayesoma hapa, unayelaumu kwamba parokia yako ina ubaridi, huenda una haki. Ila kabla hujahama, mgeukie aliyekaa pembeni yako, umuulize jina lake. Mimi nilijua kupokelewa tu. Mpaka mfiwa alipoacha msiba wake akaja kunifariji mimi, ndipo nikaelewa.