Picha ya Balthazar Katika Jumba la Wachina

Léocadie anafanya usafi katika jumba la kale la Wachina, lile ambalo babu zao walilijenga walipokuja huku ugenini kutafuta dhahabu. Anatoka Campbelltown na treni ya alfajiri. Mimi mzee nazunguka tu mjini, na nikipita hapo namsalimia.

Ukutani mle kuna vibao vyekundu vyenye majina ya watu wao waliofia mbali, makaburi hayajulikani. Léocadie akiwa anavipangusa alimfikiria mume wake, Balthazar, aliyechukuliwa na wenye bunduki kule kwetu Beni watoto wakiwa wadogo. Sasa watoto wana ndevu. Hajamlilia bado, maana kwetu mke akimlilia mume aliyepotea kabla habari haijafika, watu husema ndiye amemuua. Basi akamwomba mzee wa Kichina anayetunza ufunguo, naye akamwonyesha nafasi chini ya vibao, akampa na udi. Hapo akabandika picha ya Balthazar, moja tu aliyovuka nayo mpaka.

Siku jumba lilipofunguliwa kwa wageni, aliwaalika akina mama wa kanisa, na hasa Katungu, dada ya Balthazar. Aliniambia anataka wifi yake amshike mkono, walie pamoja, yaishe.

Katungu alitembea polepole, akisifu majoka ya dhahabu kwenye nguzo. Alipofika kwenye picha akasimama. Kisha akauliza, kwa sauti laini kabisa, ni bwana gani mpya aliyepatikana hata wifi ana haraka hivi. Akina mama wakacheka, viganja mdomoni.

"Wifi, nimechoka kungoja," Léocadie alisema. "Acha nimlilie."

"Sisi kila Jumapili tunamuombea arudi, wewe umeshamzika kwa Wachina. Mwambie hapa mbele yetu kama yeye ni mzima. Umuombe na msamaha."

Mzee wa ufunguo alisimama mlangoni akitabasamu, akidhani wanasali.

Léocadie alipiga magoti, akaiambia picha, wewe ni mzima, nisamehe. Akarudia, kwa sababu Katungu alidai hakusikia. Halafu Katungu akaibandua, kona ikachanika, akaitia mkobani. Alisema itakaa kwake Parramatta, kwa watu wanaomtaka akiwa hai. Wakatoka kwenda kula.

Jumapili walipomuombea Balthazar arudi, Katungu aligeuka kumtazama wifi yake. Léocadie akaitika amina, kwa sauti ya kusikika hadi nje.